Alipotea Sokoni, Tukampata Msikitini

Haya niliwaambia wadadisi wapya, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti, siku ya mwisho ya mafunzo yao, Kibaha. Niliongea bila karatasi. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, naye ndiye aliyenisumbua mpaka nikayaandika. Salamu za wageni waalikwa nimeziondoa, utani nimeuacha.

Wadogo zangu, na humu naona wengine ni wanangu kabisa, mmekaa siku kumi mnafundishwa kubonyeza kishikwambi. Najua mmechoka. Nimepewa nusu saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele. Sitashindana na pilau.

Nianze na kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii, tulipokuwa bado tunajaza madodoso ya karatasi kwa penseli, nilipangiwa utafiti wa afya ya mama na mtoto. Dodoso lilitungwa na wasomi wazuri tu, kisha likatiwa Kiswahili na mtu ambaye nadhani alikuwa na haraka ya kuwahi basi. Swali mojawapo lilisema: "Je, umewahi kupoteza mtoto?" Nikalisoma hivyohivyo, maana tuliagizwa tusibadilishe hata nukta. Mama niliyekuwa namhoji alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. Akasema, "Ndiyo, mmoja." Nikamuuliza ilikuwaje. "Alipotea sokoni siku ya gulio, ana miaka minne. Tumehangaika mpaka alasiri. Tukampata msikitini, kakaa na wazee anakula tende."

Nikacheka, naye akacheka. Nikaandika "hapana", nikaenda swali la mbele.

Nafunga begi niondoke, akaniuliza kama na mimi nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja. "Mungu akukuzie," akasema. "Mimi ninao hawa wanne unaowaona, na watatu wako pale." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mwembe. Nikageuka. Chini ya mwembe hakukuwa na mtoto anayecheza.

Nikaketi tena. Nikatoa raba.

Watoto watatu, jamani, na karatasi yangu ilishasema hakuna. Laiti yule mama asingekuwa na adabu ya kuniuliza habari zangu, wangeondoka na mimi wakiwa sifuri. Kiswahili hakipotezi wafu. Sisi tunafiwa. Mtoto anafariki, anatangulia, "hakukaa". Kinachopotea ni mbuzi, ufunguo, na mtoto wa miaka minne siku ya gulio. Na ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakutajia walio hai, kwa sababu wafu hawatajwi mbele ya mgeni anayeandika.

Ndiyo maana dodoso mlilonalo linazunguka. Linauliza kwanza wanaoishi na mama, halafu wanaoishi kwingine, halafu waliozaliwa hai wakafariki, hata yule aliyelia tu au kuonyesha dalili ya uhai kisha asiishi. Jana kwenye mazoezi nimewasikia mnalikata hilo la mwisho. Mmoja wenu alisema linachosha. Linachosha kweli. Lakini vifo vya watoto wachanga vya nchi hii, ambavyo wakubwa wanavisoma kwenye majedwali, vimejificha katika hicho kipande mnachokikata.

Sasa nizungumzie degedege, kwa sababu tupo mkoa wa Pwani na hadithi yenyewe ni ya hapa jirani. Miaka ya tisini palikuwa na mradi wa vyandarua Bagamoyo. Mnajua mbu wa kule. Watafiti walitaka kujua akina mama wanafanyaje mtoto akishikwa na malaria kali, na mwaka 1996 wakachapisha waliyoyakuta. Waliona kwamba malaria kwa akina mama wale ilikuwa ni homa, na homa ni kitu cha kawaida, unameza dawa inapita. Mtoto anapokakamaa, macho yanageuka juu, povu linamtoka, hiyo haikuwa homa tena. Hiyo ilikuwa degedege, na degedege ina mambo yake: ndege, shetani, mganga, moshi wa mavi ya tembo. Na palikuwa na watu walioamini kabisa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano ndiyo kwaheri.

Hebu fikirini mdadisi anaingia nyumba hiyo na swali lake: "Je, mtoto aliugua malaria kabla ya kufariki?" Mama atajibu hapana, tena kwa moyo mweupe. Hadanganyi. Malaria imemuua mtoto na jibu la dodoso ni hapana, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Wenzetu waliolifahamu hilo waliacha kuuliza jina la ugonjwa. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kufuatilia vifo katika maeneo matatu, Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, kwa kuwa watu wengi walikuwa wanafia nyumbani na hospitali haina habari nao. Mdadisi alikuwa anakwenda kwa ndugu wa marehemu baada ya msiba kupoa, anauliza aliyoyaona mwenye macho. Alitapika? Alikakamaa? Shingo ilikuwa ngumu? Alikonda kwa muda gani? Sababu ya kifo wakakae madaktari baadaye waitafute wenyewe. Kazi hiyo nimeifanya mahali pengine kwa miaka mingi, na nawaambia ni nzito kuliko mnavyodhani. Unauliza shingo ilikuwa ngumu na mama anaishika shingo yake mwenyewe, anakuonyesha. Mkipangiwa kazi hiyo, msiende kabla ya arobaini, na msiende na saa mkononi mnayoiangalia.

Tuingie kwenye afya ya akili, ambayo ndiyo sehemu mpya ya dodoso lenu na ndiyo inayonipa wasiwasi.

Sisi tuna salamu za ajabu. Mtu anakuuliza "hujambo?", yaani huna jambo? Unajibu "sijambo", sina. Jibu limeshapangwa ndani ya swali, tena umekanushiwa matatizo kabla hujafungua mdomo. "Habari za hapa?" "Nzuri." Hata nyumba yenye maiti ndani watakujibu nzuri. Kisha inakuja pumzi kidogo. Kisha inakuja "ila". Nzuri, ila mzee amelala. Nzuri, ila tumeamka na msiba. Habari yenyewe iko baada ya "ila", na mdadisi mwenye haraka ameshaandika "nzuri" akafungua ukurasa mwingine.

Dodoso mlilonalo lina yale maswali tisa yanayotumika karibu dunia nzima kupima sonona, yaani huzuni nzito inayomlemea mtu. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, jibu linapewa kuanzia 0 mpaka 3, jumla haizidi 27, na mwenye 10 au zaidi mara nyingi anahesabiwa wa kuangaliwa zaidi. Chombo kizuri, kifupi. Lakini neno "sonona" lenyewe, ninyi mliolisikia kabla ya mafunzo haya nyosheni mikono. Naona mikono sita. Na ninyi mmesoma.

Mtu wa kawaida hana sonona. Ana mawazo. "Siku hizi ana mawazo sana yule." "Usimwache peke yake, ana mawazo." Kila mmoja humu anajua maana yake, na hakuna anayedhani mtu huyo anatunga mpango wa biashara. Sasa sikilizeni. Ofisi moja niliyofanya nayo kazi, sitaitaja, ililetewa kurasa nyingi za mahojiano zigeuzwe Kiingereza. Dada mmoja katika mahojiano hayo alikuwa amesema tangu mume aondoke anakaa na mawazo mpaka alfajiri. Aliyetafsiri akaandika kwamba dada huyu amejaa fikra mpya, anazifikiria usiku kucha. Yule mama wa watu akaingia kwenye ripoti kama mjasiriamali! Niliisoma mara mbili sikuamini. Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa tafsiri ni sahihi kwa mujibu wa kamusi.

Washona wa Zimbabwe wana neno kama letu, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Wao walilichukua wakalifanyia kazi. Kwanza mwaka 1997 ikatengenezwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14, iliyoanzia kwenye maneno ambayo wagonjwa wenyewe wanayatumia. Kisha mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, akaanza na bibi 14 wa Mbare pale Harare. Hakuwa na wauguzi wa kumpa wala chumba. Alikuwa na bibi na benchi chini ya mti, mwenye mawazo aketi hapo na bibi amsikilize. Alitaka liitwe benchi la afya ya akili, na wale bibi wakamwambia ukiliita hivyo hakuna atakayelikalia. Wakaliita benchi la urafiki. Baadaye walipolipima kwa jaribio rasmi, kliniki 24 na watu 573, matokeo yakachapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kama asilimia 14, na waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama asilimia 50.

Watu wakisimulia habari hii husifu benchi. Mimi nawasifu bibi waliokataa jina.

Swali la tatu katika yale tisa linahusu usingizi. Kupata shida kulala, au kuamka usiku, au kulala kupita kiasi. Nataka niwapeleke Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, kwa sababu huko usingizi umepimwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine hapa nchini. Watu wazima 33 walivaa vifaa mkononi kwa siku 20. Watafiti wakahesabu ni muda gani, usiku wote huo, kambi nzima ililala kwa pamoja, asiwepo hata mmoja aliye macho. Nadhani mnaweza kubahatisha. Saa sita kwa usiku? Saa nne?

Dakika 18. Si kwa usiku mmoja, kwa siku zote 20.

Wazee walilala mapema wakaamka mapema, vijana walichelewa, na katikati kila mmoja alikuwa akishtuka, akijigeuza, akichochea moto. Waliochapisha matokeo hayo mwaka 2017 walisema huenda ndivyo binadamu alivyojilinda na wanyama kwa vizazi vingi, daima yupo aliye macho. Na walisema Wahadzabe hao hawakuona kwamba wana tatizo la usingizi. Sasa mpeleke mdadisi pale na swali la tatu, aulize kuamka usiku kana kwamba ni dalili. Babu mmoja mlinzi wa kambi atapata alama tatu kwa kazi aliyopewa na umri wake.

Sisemi swali libadilishwe kila kijiji. Likibadilishwa hamtaweza kulinganisha Kibaha na Kilwa, na kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Ninachosema ni kwamba mjue mnauliza nini, na yale maelezo ya pembeni ambayo kishikwambi kinawaruhusu kuandika, yaandikeni. Hapo ndipo babu wa Eyasi ataokolewa.

Wanasayansi wenyewe wameanza kulikubali hili, kwa kuchelewa. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia wametoka nchi za Magharibi zenye asilimia 12 ya watu wa dunia, na wengi ni wanafunzi wa chuo wanaofanyiwa majaribio na walimu wao. Kisha wanaandika "binadamu hufanya hivi".

Kabla ya hapo Henrich na kundi la wanaanthropolojia walikwisha kupeleka mchezo mmoja wa fedha katika jamii 15 ndogondogo. Watu wawili, na hakuna anayejua anacheza na nani. Wa kwanza anapewa fedha agawane na mwenzake, wa pili akikataa mgao, wote wanakosa. Chuoni watu wengi hugawa karibu nusu. Wahadzabe waligawa kidogo, na wengi wakakataliwa, na mtafiti aliyeishi nao kwa miaka mingi hakushangaa: kule nyama inagawiwa kwa sababu unaombwa machoni mwa watu, na hapa hakuna aliyeona. Papua New Guinea kuna waliokataa hata walipopewa zaidi ya nusu, kwa sababu zawadi kubwa kwao ni deni. Ninaowapenda mimi ni Waorma wa Mto Tana, Kenya. Profesa Jean Ensminger alipowapelekea mchezo wa pili, ule wa kuchangia chungu kimoja, hawakuhitaji maelezo marefu. Wakasema, ah, huu ni mchezo wa harambee. Wakaucheza wanavyochanga harambee ya shule. Profesa alidhani amekuja na mchezo, kumbe wenyewe wanaucheza tangu zamani, tena na risiti.

Basi nimalizie na ngazi, kwa kuwa ndiyo itakayowatesa.

Swali la ngazi lilibuniwa na Hadley Cantril, Mmarekani, miaka ya sitini. Fikiria ngazi, chini kabisa ni 0, juu ni 10. Juu ni maisha bora kabisa yanayowezekana kwako, chini ni mabaya kabisa. Umesimama wapi? Ndilo linalotumika kupanga nchi zenye furaha, lile jedwali ambalo Ufini imekuwa ya kwanza tangu 2018 na sisi huwa tunajitafuta kuanzia chini. Kila mwaka magazeti yanaandika Watanzania hawana furaha, kila mwaka watu wanakasirika. Wakasirike na swali. Haliulizi furaha, linauliza maisha yako umeyaweka wapi ukiyalinganisha na unayoyafikiri yanawezekana. Mtu anaweza kucheka siku nzima na akakwambia yuko ya tatu, na asiwe amejipinga.

Mwaka juzi nilikuwa Rufiji na kijana mmoja mdadisi, namsimamia. Alimsomea mzee swali la ngazi vizuri, taratibu. Mzee akafikiri. Akauliza, "Hiyo ngazi imeegemezwa wapi?" Kijana akaniangalia. Mzee akaendelea: "Maana mimi nimekwea minazi tangu mdogo, sijawahi kutumia ngazi. Mwenye ngazi ni mwenye nyumba ya ghorofa. Hiyo ngazi ameishika nani?" Mwishowe akasema tuandike ya tano. Kisha likaja swali la pili, lile la miaka mitano ijayo utakuwa ngazi gani, akakataa kabisa. "Hilo ni la Mungu. Jaza lako." Na kishikwambi hakikubali kusonga bila jibu. Tumekaa pale robo saa, mzee na Mungu wake, sisi na mashine yetu. Kuna kitufe cha "amekataa kujibu", kipo chini kulia, bonyezeni hicho. Msimjazie. Ile tano ya mzee ni yake, aliipata kwa kufikiri, na mkimwekea nane ya miaka mitano ijayo mmemtungia dua asiyoiomba.

Jambo la mwisho ni la usalama, na hapa sitanii. Neno mumiani mnalijua kwa bibi zenu. Oktoba 2016, Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliokuwa wanachukua sampuli za udongo waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Udongo tu. Ninyi mmebeba mizani, mkanda wa kupimia mkono wa mtoto, na baadhi yenu sindano ya kupima damu kidoleni. Hakuna kuanza nyumba yoyote kabla hamjafika kwa mtendaji na barua, na kabla mwenyekiti wa kitongoji hajawatembeza mkaonekana. Mkionekana na mwenyekiti mnakunywa chai, saa nzima inaweza kupotea. Ipotee. Fomu ya ridhaa isomwe yote, na anayeweka dole gumba awe na mtu wake anayemwamini pembeni. Asiyetaka, mwacheni na muage kwa heshima, kesho mtapita njia hiyohiyo.

Magari yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wadada, khanga mbili kwenye begi. Wakaka, msivae kofia za kampeni, za chama chochote.

Sasa naona pilau imeiva, lakini nataka kumjaribu mmoja. Wewe, mwenye shati la bluu, uliyekuwa unacheka swali refu jana. Njoo mbele. Hiki kiti ni mlango. Mimi ni mama mwenye nyumba, nachambua mchele, nina watoto wanne ndani na sijakwambia zaidi ya hapo. Bisha hodi.